Neno la Kumchukua Mtoto

Miaka yote niliyoishi Marekani, mjini Louisville na baadaye Columbus, hakuna aliyewahi kunikabidhi hata paka. Kwa hiyo jirani yangu wa Buffalo aliponiomba nikamchukue bintiye shuleni, nilipiga shati pasi.

Jirani huyo, mama kutoka milima ya Kivu Kusini, alikuwa akisali nami kanisa moja. Siku hiyo, kwenye ghala la mizigo alikofanya kazi, waliongezewa saa za kazi. Alipiga simu shuleni akawapa jina langu, akanipigia mimi, kisha akaifungia simu kabatini kama walivyotakiwa wafanyakazi wote. Alisahau kunipa neno.

"Neno gani?" nilimuuliza mwalimu mlangoni.

Neno la siri, alinieleza kwa upole. Kila familia ilikuwa na lake, na mtoto haondoki na mtu asiyelijua. Msichana mwenyewe, wa miaka saba, alisimama kando yake akitazama viatu vyake.

Ningeweza kuketi nikasubiri. Badala yake nilianza kuongea. Nilisema nafundisha chuo kikuu. Nilisema kwetu Kenya mtoto ni wa kila mtu. Nilisema, kwa kile Kiingereza changu cha mihadhara, kwamba nimewahi kuandika insha kuhusu utoto. Mwalimu alisikiliza, akanionyesha viti vilipo. Sauti yangu ikapanda. Mara akaja mzazi mwingine, mwalimu akageuka kumhudumia, nami nikahisi koti langu likivutwa.

"Lengalenga," msichana alininong'oneza.

Jina la mboga, mchicha wa kwao. Mwalimu aliporudi nikalisema kwa sauti, kana kwamba nimelikumbuka sasa hivi. Akatufungulia mlango.

Kwenye basi nilimuuliza kwa nini aliniambia. Alinijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kanisani kwetu: nilikuwa nakasirika, watu walikuwa wananitazama, na mama hapendi mtu mzima aaibishwe.

"Na angekuja mwingine, usiyemjua, akakasirika hivyo?"

Alifikiri. "Mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Ningemwambia," alisema. "Kwa sauti ndogo."

Nikabonyeza kengele; tulikuwa tumefika kituo chetu.

Mama yake aliporudi nyumbani kutoka kazini nilimweleza yote, hata habari ya insha.

"Bon, alikuheshimu, kaka," alisema kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa, huku akivua viatu. Kisha akaketi, kiatu kimoja mkononi. "Donc, basi, na mwingine atamuheshimu hivyo hivyo."

Akamwita binti, akamnong'oneza neno jipya. "Mjomba atatoka inje. Atagonga, atakuomba neno. Umukatalie."

Nikatoka barazani kwenye baridi, nikagonga. Nilikunja uso tu, akaninong'oneza neno jipya, likaisha kazi papo hapo. Wakachagua jingine. Nikapandisha sauti, nikapewa na hilo.

"Ukali zaidi, kaka," mama alinihimiza kutoka jikoni. "Kama kule shuleni."

Safari iliyofuata nikataja chuo kikuu. Nilikitaja vizuri, bila kujilazimisha. Msichana alishika kitasa kwa mikono miwili.

"Hapana," alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Unisamehe, mjomba. Hapana."

Nilitaka kumwambia ni mimi wa kuomba radhi, lakini mama yake aliniwahi.

"Tena," alisema.

Nikarudi barazani, nikavuta mlango, nikagonga.