Mkunga wa Makambako aligomea baraza

Ni asubuhi ya baridi Makambako, na ukungu bado haujaachia mashamba. Katika zahanati ya misheni, Oktavia Mgaya anasugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa mama mjamzito. Anainama, anatega sikio tumboni, kisha anatabasamu.

“Yupo, na anacheza,” anasema.

Mwaka jana, 1955, mkunga huyu alisimamishwa mbele ya baraza la nidhamu mjini Njombe kwa kosa la kuacha zamu bila ruhusa. Mke wa mkulima, Letisia, alikuwa amekwama na uchungu kijijini, mtoto ametanguliza miguu. Daktari alikuwa safarini Bulongwa. Oktavia alibeba mkoba wake akaenda kwa miguu. Mama na mtoto walipona.

Baraza lilimpa onyo, likamwamuru pia alipe gharama za shauri, pamoja na za wakili wa baraza aliyetoka Iringa: shilingi 480. Mshahara wake ni shilingi 80 kwa mwezi.

Kisha katibu wa baraza akamvuta pembeni. Alimwambia kwamba akitia sahihi kukiri alikosea kumwendea Letisia, deni lote litafutwa. Mumewe, Linus, fundi seremala, alimsihi akubali, maana karo za watoto zilikuwa zikidaiwa. Alipokataa, nyumba ikanuna siku kadhaa.

“Ningesaini, mkunga mwingine angeogopa kutoka,” anasema. “Onyo nililipokea. Uongo siutii sahihi.”

Badala yake alikwenda kwa hakimu wa Njombe, apime kama gharama hizo ni za haki. Linus alimsindikiza, ingawa hasira zilikuwa hazijamwisha.

Wakili alidai malipo ya safari tatu. Oktavia alieleza kwamba shauri liliahirishwa mara mbili kwa sababu mwenyekiti wa baraza hakufika.

“Mimi nilifika mara zote, Bwana Hakimu, na nauli yangu hakuna aliyenirudishia,” alisema. “Kutofika kwao nakulipiaje mimi?”

Wakili alijibu kwamba safari ni safari, shauri lisikilizwe lisisikilizwe. Hakimu alizifuta safari mbili, akabakiza shilingi 210. Oktavia alisema hata hizo ni za uonevu. Akaambiwa akae. Hakukaa, alibaki amesimama mpaka hakimu alipotoka.

Nje, Linus alimpokea mkoba, wakaanza safari ya kurudi nyumbani.

Sasa deni linakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Wanawake wa jirani walitaka kumchangia viazi na kuku auze, akawashukuru na kukataa, wasije wakadhani kumwita mkunga kuna bei.

Mwezi ujao anakuja daktari mpya. Oktavia ameshapanga atakalomwambia siku ya kwanza, wakiwa bado wanasalimiana.

“Nikiitwa kwa mama aliyekwama, nitakwenda,” anasema, akivuta shuka kumfunika mgonjwa wake. “Ruhusa nitaiomba nikirudi.”