Programu yangu ilitaka jina la pili: Silanga, Januari 2008

Wakuu, niaje. Hapa sitii chumvi, ilivyokuwa inatosha.

Wakati ule nilikuwa kijana wa mtaa wa Kawangware 56, Nairobi, najifunza kuandika programu za kompyuta kwa Visual Basic. Fujo za uchaguzi zilipopoa kidogo, Sister Ndunge, nesi tuliyesali naye kanisa moja, akaniomba programu ya kusajili wagonjwa. Alikuwa anatibu watu Silanga, kule Kibera, nyumbani kwa mama mmoja Mnubi mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha.

Nikaichora screen kwa madaha. Button kubwa za kijani, herufi nono, na nyota nyekundu kwenye jina la kwanza na la pili. Usipojaza yote mawili, haiendi mbele.

Asubuhi ya kwanza benchi lilijaa, na hakuna aliyeongea na mwenzake. Mliokuwa wadogo, jueni hivi: jina la pili lilitaja kabila lako, na kabila lilitosha kuchomewa nyumba.

Akaja mama amebeba mtoto anayepumua kwa shida. Akasema anaitwa Mary. Nikamuuliza jina la pili. Akaangalia benchi nyuma yake.

"Andika Mary tu."

Nikabonyeza Save. Kompyuta ikalia mbele ya watu wote: Jaza jina la pili. Nikarudia, ikalia tena. Mary akakaza leso aliyombebea mtoto, akaanza kuondoka.

Sister Ndunge akamshika mkono, akaniambia, "Toa hicho kitu. Huyu akienda, mtoto hafiki jioni."

Nikafungua code palepale. Nikafuta nyota, na badala ya "Jina la pili" nikaweka "Tukuite nani?" Nikamsomea Mary.

"Nyumba yangu ilichomwa," akasema. "Sai nalala kwa jirani, na yeye si mtu wa kwetu. Andika Jirani."

Ikakubali. Mtoto akapelekwa ndani.

Mzee aliyefuata, Peter, alikuwa amesikia. "Hata mimi nimefichwa na jirani. Niweke hivyo hivyo." Halafu Halima, ambaye yeye ndiye aliyekuwa ameficha watu chumbani kwake. "Basi na mimi ni Jirani."

Mchana nikafungua orodha. Mary Jirani. Peter Jirani. Halima Jirani. Screen nzima, mpaka ikabidi niscroll.

Kwa mtu wa database hiyo ni balaa, maana wote wana jina moja, huwezi kumtafuta mtu. Mimi nilikaa tu nikiitazama. Redioni tulisikia tunavyouana kila siku, kumbe hili nalo lilikuwa likiendelea kimya kimya, nyumba kwa nyumba. Pale benchini watu walikuwa wameanza kupiga stori.

Jioni Mary aliondoka na mtoto amelala mgongoni, anapumua vizuri. Programu ile sikuirekebisha tena.

Nyinyi mnaochora screen, kabla ya kuweka nyota nyekundu, fikirieni kujibu kutamgharimu mtu nini.

Na kama mwezi ule ulilala kwa jirani, au wewe ndiye uliyemlaza, tuandikie hapo chini. Jina la pili si lazima.