Nyongeza ya Gacheri

Gacheri aliipenda baiolojia tangu utotoni, alipokuwa akipasua maharagwe ya mama yake yaliyolowa ili auone ule mche mdogo uliolala ndani. Hiyo ndiyo iliyomleta chuoni. Hakuna aliyemwonya kwamba mlangoni mwa baiolojia ameketi bawabu aitwaye kemia, na asiyepita kemia mwaka wa kwanza hafunguliwi wa pili.

Shuleni kwake, upande wa Timau, maabara ilikuwa chumba cha kuwekea madawati yaliyovunjika. Mwalimu aliwachorea bureti ubaoni, lile bomba jembamba la kioo lenye koki chini, wakaikariri kama sura ya ndugu aliye ng'ambo. Sasa ilisimama mbele yake, naye akaiogopa.

Kazi yenyewe ilikuwa kujua ukali wa siki. Unaitia siki kwenye flaski na tone la kiashiria, dawa inayobadili rangi siki inapokwisha, kisha unaachilia magadi makali kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka igeuke waridi hafifu. Hapo hapo unafunga koki. Unarudia, na vipimo sharti vikubaliane.

Vya Gacheri havikukubaliana hata siku moja. Flaski yake ilikuwa nyekundu kama juisi ya harusi.

"Hiyo weka kwa glasi tuuze," alisema Murungi, kijana wa Kaaga aliyeshiriki naye meza, aliyetoka shule yenye maabara mbili.

"Murungi, niache."

"Nimekuacha. Lakini mtihani ni Ijumaa, na huyo mzee hatakuacha."

Mzee mwenyewe alikuwa Bwana Mutembei, fundi wa maabara, na alikuwa amesimama nyuma yao akiutazama mkono wa Gacheri. Rangi ikaja, hafifu, ikakaa. Gacheri akaiona vizuri. Kisha mkono wake ukafungua koki tena, kidogo tu.

"Hilo la mwisho ni la nini?"

"Nilitaka ikolee, mwalimu."

"Kwenu mnauza nini?"

"Maharagwe. Mama yuko soko la Timau."

"Nilijua. Unaipa siki nyongeza."

Murungi alicheka mpaka akaweka pipeti chini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu aweze kushika gorogoro, ule mkebe wa kupimia, Gacheri alifundishwa kwamba mkebe ukijaa bado hujamaliza. Unaongeza konzi moja juu, mteja akiona, ndiyo arudi kesho.

"Hapa kila chembe ya magadi inashikana na chembe moja ya siki," Mutembei alimweleza. "Za siki zikiisha, zimeisha. Hiyo unayoongeza haina mwenzake. Inabaki hapo kukuaibisha kwa rangi."

Akaelewa. Na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana kichwa kilielewa na mkono ukakataa. Wiki nzima alimwaga flaski nyekundu kwenye sinki huku akijitukana kwa Kimeru.

Ijumaa alifunga koki, akatia mikono yote miwili mifukoni mwa koti. Rangi ilikuwa hafifu mno hata akaona haya, kama aliyempunja mtu. Vipimo vikakubaliana.

"Hiyo ni nusu ya mtihani," Mutembei alimwambia. "Nusu ya pili Jumatatu, bureti ile ile."

Jumamosi alikuwa sokoni, kumshikia mama yake kibanda. Akaja Gladwell, mwenye hoteli, mteja wao wa miaka. Gacheri akajaza gorogoro, akasawazisha kwa kiganja, akamimina, akatia mikono mifukoni. Gladwell akabaki ameushikilia mfuko wazi.

"Na nyongeza?"

"Imejaa, mama."

"Nimeona imejaa. Nimeuliza nyongeza."

Celina, mama yake, alikuwa ndiyo anarudi. "Gacheri, kumbe chuo kinafundisha roho ngumu?"

Gacheri akachota konzi, akaongeza. Gladwell akatabasamu. Na mkono, ukishaonja, ukachota ya pili bila kuulizwa. Gacheri akautazama, akaikumbuka Jumatatu, akasonya.