Shangazi Aliyekalia Buti

Shangazi yangu ni mfagiaji. Ndivyo barua yake ya kazi inavyosema, na kila nikiikumbuka barua hiyo hupandwa na hasira, kwa hiyo nalitaja hilo mapema nipate kuendelea na mengine.

Chumba anachofagia kiko nyuma ya jengo la makumbusho, mwendo wa dakika tano kutoka hospitali ninakofanya kazi ya uuguzi. Kina dirisha moja, meza ya mbao na rafu kumi na nne zilizojaa chupa. Humo wamo nyoka wote wa nchi yetu, aina mia moja thelathini na mbili, kila mmoja amejikunja ndani ya spiriti. Yuko chatu aliyechukua pipa zima. Wako nyoka vipofu wa ardhini, wembamba kama kamba za viatu. Wako swila, kifutu, na koboko mwenye kinywa cheusi kama ndani ya sufuria. Na yuko mla mayai, asiye na sumu wala meno ya maana, ambaye akikutana na mtu hujifanya kifutu ili asiguswe. Shangazi anampenda huyo kupita wote. "Mwangalie muongo huyu," huniambia, utadhani anamsema jirani.

Mwaka wake wa kwanza alifagia akiwa amezipa rafu mgongo. Kisha macho ya mtaalamu aliyesimamia chumba yakaanza kufifia, akamwomba amhesabie magamba. Spiriti hula rangi: nyoka wa kijani hugeuka buluu, halafu kijivu, na ukitegemea rangi umekwisha. Kinachobaki ni magamba. Basi shangazi akawa anashika sindano ya kushonea na kuhesabu safu za katikati ya mwili, mtaalamu anaandika. Waliishi hivyo miaka ishirini. Mtaalamu alipostaafu hakuletwa mwingine. Kila lebo ina mistari minne: mahali alipopatikana, tarehe, aliyemleta, na "ametambuliwa na". Kwa miaka kumi na moja shangazi alijaza mitatu na kuuacha wa nne wazi.

"Huo ni wa mtaalamu," alikuwa akisema. "Akija atasaini."

Akija nani? Nilichoka kuuliza. Nyumbani tulimwita Mama Nyoka, na watoto wa ukoo waliambiwa wasimpe mkono kabla hajanawa. Nami nilicheka na wenzangu, sitajikosha hapa.

Sasa nije kwenye siku ya mkata matawi. Kazi yake ilikuwa kusafisha miti inayogusa nyaya za umeme. Saa tatu asubuhi aliumwa kidole cha mkono wa kulia akiwa juu ya ngazi, na saa nne aliingia kwetu kwa miguu yake, anatania, nyoka wake yumo ndani ya mfuko wa sukari, kichwa kimepondwa kabisa. Mkono haukuwa umevimba. Daktari wa zamu alimtazama nyoka, akatazama bango la picha lililobandikwa ukutani, kijani kwa kijani, akaamua.

"Huyu ni ukukwi. Hana sumu. Mpe sindano ya pepopunda aende zake."

Daktari huyo ni mtu mzuri, asije mtu akanielewa vibaya. Lakini nilipomrudisha nyoka mfukoni, ngozi yake ilinikwaruza kidole. Ukukwi ni laini. Shangazi alishanipapasisha mara nyingi, mimi nikikunja uso. Nikauchukua ule mfuko nikatoka mbio hadi makumbusho.

Shangazi aliupokea mfuko. Alimnyoosha nyoka mezani, akampangusa, akashika sindano. Alihesabu kutoka kushoto, akahesabu tena kutoka kulia.

"Ukukwi ana kumi na tano," akasema. "Huyu ana kumi na tisa, na kila gamba lina mstari uliosimama katikati. Ni yule wa mtini mwenye macho makubwa. Mgonjwa yuko wapi?"

"Anajiandaa kwenda nyumbani."

"Asiende."

Njiani alinieleza huku anahema. Sumu ya nyoka huyo haina haraka. Mtu hushinda akicheka, baadaye damu yake inakataa kuganda, anaanza kutoka damu kwenye fizi, kwenye mkojo, mpaka anaisha. Na dawa ya nyoka wengine haimsaidii. Nyoka huyo ana dawa yake peke yake.

"Samahani mama, wewe ni nani?" daktari aliuliza tulipofika.

"Mfagiaji wa makumbusho."

Mwuguzi mwenzangu akaziba mdomo. Daktari, kwa kuniheshimu mimi, alichukua damu kidogo, akaiweka kwenye kichupa cha kioo na kusubiri dakika ishirini. Alipokiinamisha, damu ilikuwa imeganda vizuri.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Pimeni tena saa kumi."

"Vitanda vimejaa." Akasaini karatasi ya kumruhusu mgonjwa.

Mkata matawi alikuwa kwenye benchi, buti zake ziko sakafuni. Shangazi akaziokota, akaziweka juu ya benchi, akazikalia.

"Mama, buti zangu hizo."

"Najua. Nikichoka kukaa nitakupa."

Watu wote wa korido walicheka. Yeye mwenyewe alicheka, na kwa kuwa asingeweza kumsukuma mwanamke wa umri wa mama yake, akakaa. Daktari akainua mabega: benchi si kitanda. Mimi niliendelea kugawa dawa, aibu imenijaa kifuani, na chini ya aibu hiyo mna hofu kwamba shangazi hakukosea.

Saa kumi nilimkumbusha daktari, akachukua damu nyingine. Dakika ishirini zikapita. Alikiinamisha kichupa, na damu ikakimbilia upande mmoja kama chai. Akasubiri, akakiinamisha tena. Mkata matawi alitema mate kwenye leso, yakawa mekundu, na utani ukamtoka usoni. Nasema tena daktari ni mtu mzuri, kwa sababu hakubishana. Alimgeukia mfagiaji akamuuliza, "Dawa yake inapatikana wapi?"

Ililetwa kwa ndege kesho yake mchana. Kabla haijafika tulimwongezea damu mara tatu, na mkewe alimshikia bakuli la kutemea. Shangazi alikaa na mwanamke huyo. Siku iliyofuata asubuhi damu iliganda, nami nikaenda kulia chooni kama mtoto.

Baada ya wiki tatu mume na mke walikwenda makumbusho kushukuru, nami nikafuatana nao. Shangazi hajui kushukuriwa, kwa hiyo akaanza kuwaonyesha rafu.

"Wote hawa wako kwetu?" mkata matawi aliuliza.

"Wote. Wanaoweza kukuua hawajai hata rafu tatu. Waliobaki wanataka uwapishe tu."

Mkata matawi alisimama mbele ya nyoka aliyemuuma, aliyekwisha kuanza kugeuka buluu, akasoma lebo.

"Mstari huu mbona mtupu?"

"Huo wa mtaalamu. Akija—"

Hakumngoja amalize. Aliniomba kalamu, akaniuliza kwa kunong'ona jina kamili la shangazi na la baba yake. Mkono wa kulia ulikuwa bado na bendeji, akaandika kwa wa kushoto, herufi zikapanda mlima.

"Utaniharibia lebo," shangazi alisema, lakini hakuivuta chupa.

Shangazi aliisoma lebo. Kisha akaichukua kalamu kutoka mkononi mwa mkata matawi, akashusha chupa ya pembeni, yenye tarehe ya miaka tisa iliyopita, akaandika mwenyewe jina lake kwenye mstari wa nne.