Zamzam na Samusamu

Dada yangu akikasirika, kwanza ananyamaza. Hapo ndipo mtu mwenye akili huondoka. Asiye na akili hubaki akidhani ameshinda, halafu anasikia.

Nasema hivi ili ujue kwamba hasira zake hazikuanzia kwenye ile ofisi ya vitambulisho. Alizaliwa Kathiani, kifungua mimba wa Mzee Mutiso, akaitwa Nzilani. Akiwa darasa la sita alimwambia mwalimu, mbele ya shule nzima, kwamba watoto waliochapwa sio walioiba machungwa ya baba yetu. Walioiba ni watoto wa mwenyekiti wa shule, na mwalimu anajua. Yeye pia akachapwa. Kesho yake akasema tena, maneno yale yale.

Alipofika Machakos mjini alikuja kushona. Ana cherehani yake kwenye veranda ya duka moja nyuma ya stendi, anashona yunifomu, na kila mzazi anajua kwamba pindo lake ni pana, lina nafasi ya mtoto kukua miaka miwili. Mafundi wengine hukata pindo jembamba ili mzazi arudi mapema. Dada anawaita wezi, na anawaita hivyo wakiwa wamekaa hatua tatu kutoka kwake.

Mjini hakuna anayemjua kama Nzilani. Aliolewa na Abdalla, fundi wa kutengeneza cherehani, mtu wa maneno machache, aliyezaliwa papa hapa mjini, yeye na baba yake na babu yake. Akasilimu, akawa Fatuma. Baba yetu hakumsemesha mwaka mzima, kisha siku moja akala pilau yake, akaomba ya pili, mambo yakaisha. Mimi nilibaki Kavutha, nikaolewa kanisani. Tukajaliwa mabinti mwaka mmoja, wamepishana miezi miwili. Wa kwangu ni Tracy, wake ni Zamzam.

Wasichana hawa wana nyanya mmoja na babu mmoja. Kila likizo walilala kitanda kimoja kule Kathiani wakigombania blanketi. Mwaka juzi walikuwa wamemaliza kidato cha nne na kutimiza miaka kumi na minane, wakahitaji vitambulisho. Tracy nilimpeleka mwenyewe siku ya Jumanne. Tulibeba cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho changu. Akatiwa wino vidoleni, akapewa karatasi ya kusubiri, na kufika saa saba tulikuwa tumekaa mahali tunakula chipsi. Hakuna aliyetuuliza babu ya mtu alizaliwa wapi.

Zamzam akaenda Jumatano, dirisha lile lile. Karani aliangalia jina, akaangalia mtandio, akazirudisha karatasi bila kuzifungua.

"Nyinyi ni Alhamisi. Kwa kamati."

Nyinyi! Nyinyi kina nani? Nilipoambiwa nilitaka kwenda kumuuliza huyo karani, mimi nisiye na hasira za dada.

Hiyo kamati kazi yake ni kuwapiga watu msasa, yaani kuchunguza kama ni raia kweli. Redioni nilizoea kusikia mawaziri wakipigwa msasa kabla ya kupewa vyeo, nikaona sawa, hao wana mengi ya kuparuzwa. Lakini msasa ni wa mbao. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya hapa, akasoma shule ya hapa, ukimparuza unatarajia kukuta nini chini?

Na muda ulikuwa unayoyoma. Zamzam alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Barua ilisema afike tarehe tano Septemba akiwa na kitambulisho au karatasi ya kusubiri, na asipofika, nafasi yake anapewa mwingine. Tulihesabu kwenye kalenda. Zilibaki Alhamisi tatu.

Alhamisi ya kwanza tuliwakuta watu kama arobaini ukumbini, wamekaa kwenye mabenchi, kanzu na mitandio mitupu, kana kwamba ni siku ya Idi. Mbele kulikuwa na meza na wazee watatu. Aliyeongoza aliitwa Mwangangi, amevaa koti la suti kwenye joto lile, kalamu nne mfukoni. Dada alipoitwa, mzee alichukua kitambulisho chake, akasoma "Fatuma", akakiweka chini. Hakusoma jina la pili wala la tatu. Kisha akamsemesha Kiswahili cha polepole, cha kuongea na mgeni.

"Mama. Wewe ulikuja Machakos lini?"

"Nilikuja nikiwa na miaka ishirini. Nikitoka Kathiani."

"Na huko Kathiani mlikuwa mnafanya biashara gani?"

"Biashara? Tulikuwa tunalima. Mahindi na maharagwe."

"Mlikuwa mumekodisha hiyo shamba?"

Nikamwona dada akinyamaza. Nilikuwa benchi la nyuma, nisingemfikia. Lakini Zamzam alimshika mkono, na siku hiyo alimeza. Mzee akawaambia warudi na karatasi ya kuonyesha babu yake Abdalla alizaliwa wapi. Abdalla mwenyewe amekufa, ana miaka minne kaburini, na babu yake alizaliwa wakati ambao hakuna mtu nchi hii aliyekuwa na karatasi. Hata babu yake Mwangangi hakuwa nayo, na hakuna aliyemtuma Mwangangi kuitafuta.

Njiani nilimwambia, "Dada, si umwongeleshe Kikamba tu? Atajua wewe ni nani, tutoke hapo."

Alisimama katikati ya barabara. "Kavutha, ile ni ofisi ya serikali, sio nyumba ya mjomba. Naenda kuchukua kitu ambacho ni haki ya mtoto wangu. Sitaki nipewe kwa sababu ya kabila."

Nikamwambia kiburi kitamkosesha mtoto chuo.

Alhamisi ya pili kamati haikuja. Tulikaa pale kuanzia saa mbili mpaka saa nane, wagonjwa, wazee, akina mama na watoto wachanga. Askari wa mlangoni akatuambia twende nyumbani, wazee wako kwa mkutano. Hakuna aliyesema pole. Ikabaki Alhamisi moja.

Alhamisi hiyo ya pili tulikaa benchi moja na Mama Ramzi, ambaye mume wake alikuwa rafiki ya Abdalla. Kijana wake, Ramzi, alikuwa ameitwa kazi katika kiwanda kimoja Athi River, na tangu mwezi wa tatu mama alikuwa akija naye kila Alhamisi. Alibeba karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, zimekunjwa hadi zinaanza kukatika. Alimsalimia dada, akasema leo Mungu atasaidia, akaanza kuvuta tasbihi.

Alhamisi ya tatu dada alikuja na barua ya wazee wa msikiti, na picha ya kaburi la babu yake Abdalla hapa mjini, jiwe na tarehe vikionekana. Mwangangi hakuvigusa. Alikuwa amepata kitu kingine. Alishika cheti cha kuzaliwa kwa mkono mmoja na cheti cha shule kwa mkono mwingine, akavionyesha ukumbi mzima, amefurahi.

"Hii ya hospitali iko na jina lake. Na hii ya shule iko na ingine. Hawa ni watu wawili, mama. Msichana wako ni nani kati ya hawa?"

Hapa inabidi nieleze. Zamzam alipozaliwa, muuguzi aliyeandika jina alikuwa mgeni wa kutoka mbali, hakujua watu wa huku tunavyoongea. Sisi Wakamba ulimi wetu haujazoea z isiyo na n mbele yake, na jina likikosa irabu mwishoni tunaliwekea moja. Muuguzi akamuuliza dada mtoto anaitwa nani, na dada, aliyezaa usiku kucha na macho yanafumba, akataja jina kama anavyolitaja hadi leo. Muuguzi akaandika alichosikia: Samusamu Abdala. Cheti kilipotoka Abdalla alicheka hadi akakaa chini, akasema atakipeleka kirekebishwe. Kikakaa kabatini. Shuleni alimwandikisha yeye mwenyewe, kwa jina la Zamzam.

Kwa hiyo kosa lilikuwa la mdomo wa dada yangu, na alijua. Nilimwona akitazama vile vyeti viwili. Kisha akanyamaza. Safari hii Zamzam hakuwahi kumshika.

"Soma," dada akasema.

"Nini?"

"Hilo jina la hospitali. Lisome kwa sauti, hawa wote wasikie."

Mwangangi akainua miwani. "Samusamu Abdala."

"Sasa soma hilo la shule."

Mzee akatazama cheti, akafungua mdomo bila kufikiri. "Samu... Samusamu Abdala."

Ukumbi ukapasuka. Vicheko vya watu walionyamazishwa tangu asubuhi, na askari mlangoni akageuka kuangalia ukuta ili asionekane. Dada hakucheka.

"Sasa hao watu wawili wako wapi?" akauliza. "Umesoma wewe, mtu mzima, ukapata mmoja!"

"Mama, chunga mdomo," Mwangangi akasema, uso umemwiva. "Hapa ni ofisi. Nyinyi watu mkikaribishwa kwetu mnaanza kutusimamia."

Mkikaribishwa. Kwetu. Wallahi, mimi ni Mkristo, lakini siku hiyo niliapa kwa kiapo cha dada. Na yeye ndipo Kiswahili kikamwisha. Kikamba kilimtoka kama maji ya tangi lililopasuka, na sio kile cha salamu, ni kile cha nyanya yetu akifukuza mbuzi wa watu kwenye mahindi. Alimuuliza ni nani aliyemkaribisha yeye Nzilani, ambaye kitovu chake kimezikwa kwa Mutiso, Kathiani. Alimuuliza ni shamba gani walilokodisha. Alimwambia koti lake ni kubwa kuliko akili yake. Mengine siwezi kuyaandika, mama yetu bado yu hai na anasomewa.

Nilifunga macho. Nikajua chuo kimekwenda.

Nilipofungua, Mwangangi alikuwa ameokota kile kitambulisho na anakisoma, safari hii hadi mwisho. Uso wake wote ulikuwa umebadilika. Alikuwa anatabasamu.

"Nzilani! Mutiso wa Kathiani, yule mwenye machungwa? Aii, mwaitu, mama! Kwa nini hukusema mapema? Kumbe wewe ni mtu wetu."

Akatia sahihi. Akagonga muhuri. Hakuuliza tena habari ya babu, wala majina mawili, wala kaburi. Wiki tatu alizotutesa zilimalizwa na jambo la dakika moja, na huyo mwenzake wa kushoto akamwambia dada amsalimie mzee.

Zamzam alinyakua fomu, akakimbilia dirishani kabla hawajafunga kwa chakula cha mchana. Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Dada alibaki amesimama mbele ya meza.

"Na kama nisingekuwa Nzilani?" akamuuliza, kwa Kiswahili.

"Anayefuata," Mwangangi akasema.

Aliyefuata alikuwa Mama Ramzi na kijana wake. Askari akatuomba tupishe. Tukatoka, tukakaa kwenye ngazi kumngoja Zamzam, na hata dakika tano hazikuisha, Mama Ramzi akatoka, mfuko wake mkononi. Ramzi alitupita bila kutuangalia, akaenda kusimama peke yake karibu na lango.

"Alhamisi ijayo," Mama Ramzi akasema. Akakaa kando ya dada, akavua kiatu kimoja, akasugua mguu. "Hongera, Mama Zamzam. Mtoto ataenda chuo, alhamdulillahi."

Dada hakuweza kumtazama. Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Mama Ramzi, na wewe mwongeleshe Kikamba. Si unakijua? Umezaliwa hapa. Mwongeleshe tu, atakuandikia."

Mama Ramzi alimgeukia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Mimi namwongelesha Kikamba tangu Alhamisi ya kwanza," akasema. "Ananisifu sana. Ananiambia nimejifunza vizuri."