Adabu ya Pumu

Enzi za Wajerumani, reli ilipokuwa bado ngeni huku Ugogo, nilipanda gari moshi Dodoma pamoja na mjomba wangu na mbuzi beberu mmoja wa posa, tukaenda Gulwe kuposa. Mjomba ndiye aliyekuwa mshenga. Mimi nilikuwa nimerudi karibuni kutoka masomoni Ujerumani, na kichwani nilibeba hotuba ya kumshukuru baba mkwe, ndefu kuliko behewa tulilopanda.

"Mzee yule amekwisha kuwakataa wawili kwa sababu ya midomo yao," mjomba alinionya. "Na wewe, mpwa wangu, kunyamaza hujajaliwa."

Tulipokaribia nyumbani kwa mzee huyo, beberu akakata kamba. Upepo wa kipupwe ulikuwa mkavu, umejaa vumbi. Nilimkimbiza hadi makorongoni, nikamkamata pembe, nikarudi naye kifua mbele. Pumu yangu ina ustaarabu wake: nikikimbia huniacha nikimbie. Nikishasimama na kuanza kujisifu, ndipo hubisha hodi.

Ilibisha mlangoni pa nyumba yao ya tembe, mbele ya mzee mwenyewe. Nilifungua kinywa nimwamkie, ikatoka "shi", "kamoo" ikagoma. Nikainama, mikono magotini, macho chini, nikitafuta hewa.

Mzee alinitazama, kisha akamgeukia mjomba.

"Mliniambia huyu kasoma Ulaya."

"Kasoma, mzee."

"Mbona basi ana adabu? Tazama anavyoinama! Hata salamu inamshinda kwa heshima."

"Ndivyo tulivyomlea," akajibu mjomba bila kupepesa macho.

Mdogo wake mchumba wangu, aliyeniletea maji, alisikia miluzi kifuani mwangu. "Shemeji," akaninong'oneza, "humo ndani umefuga ndege, au beberu mwingine umemmeza?"

Nilitaka kucheka, kikohozi kikanikaba, nikainama zaidi. Mzee akazidi kupendezwa.

Tulikaribishwa ndani. Wazee walizungumza wee, na kifua changu kikafunguka kidogo kidogo. Hatimaye mzee akasema, "Nimeridhika. Mwezi mwingine ukiandama, njooni mchukue mke."

Pumzi ikanirudia yote, na hotuba nayo. Nikanyoosha mgongo, nikajikohoza kama wasomi wafanyavyo kabla ya kuwatesa watu.

Shemeji akanifinya ubavuni. "Inama, shemeji! Dada anakupenda hivyo hivyo na miluzi yako, lakini baba bado hajakusikia ukizungumza."

Nikainama.