Mbasela ya Darasa la Tano

Watu wakisema ualimu ni wito, mimi nanyamaza, maana mimi hakuna aliyeniita. Chuoni nilisomea nyimbo na bustani. Mwaka ule mwalimu wa hesabu alihamishiwa mjini, mwalimu mkuu akatutazama wote pale ofisini, na mimi ndiye niliyechelewa kuinamisha kichwa. Basi. Miaka ishirini na mbili nikawa Mwalimu Silavwe wa hesabu, darasa la tano, shule ya kando ya barabara ya Mbala. Na utotoni hesabu za kugawanya kwa njia ndefu nilikuwa nanakili daftari la dada yangu.

Kusema kweli sikufundisha kugawanya, niliimbisha. Gawa, zidisha, toa, shusha. Wavulana wanaanza, wasichana wanapokea, na wazazi wakipita barabarani wanasimama kusikiliza. Mtoto akiuliza kwa nini tunashusha, nilimjibu kwamba mwalimu wangu alishusha, na mwalimu wake alishusha, yeye ni nani asishushe. Nilikuwa sijui. Haya, nimesema.

Kilichonitesa zaidi ni baki. Watoto walikuwa wanaisahau, wengine wanaifuta kwa mate ili hesabu ionekane safi. Siku moja nimekaa sokoni na mke wangu, Mama Kasuba, ambaye anauza viwavi wakavu. Anajaza kikombe, anasawazisha kwa kiganja, anamimina kwenye mfuko wa mteja, halafu anachota wengine kidogo anawaongeza juu bila kuombwa. Hiyo ndiyo mbasela. Muuzaji asiyetoa mbasela kwetu atakaa na viwavi wake mpaka waote ukungu. Nikapiga paja. Kesho yake nikawaambia watoto kwamba baki ni mbasela, wakacheka, na tangu hapo hakuna aliyeisahau. Wiki mbili nilitembea kifua mbele. Na madaftari je? Jamani, nilisahihisha kwa kutazama ngazi ya zile hatua tu. Ikishuka vizuri, natia alama ya vema.

Ndipo mwalimu mkuu, Bwana Chitundu, akaniita. Mkaguzi anakuja, na atakaa darasani kwangu kwenye somo la kugawanya. Bwana Chitundu hakuzunguka. Darasa langu lilikuwa limeanguka mtihani wa wilaya miaka mitatu mfululizo, na kulikuwa na binti mpya kutoka chuo, Mwalimu Namfukwe, asiye na darasa. Mambo yakienda ovyo, Namfukwe anachukua la tano, na mimi naenda bustanini kulea kabichi za shule mpaka nistaafu. Kabichi sizichukii. Lakini nilikuwa nawapenda wale watoto arobaini, na sikuwahi kumwambia mtu.

Siku ikafika. Mkaguzi, Mama Nakamba, akakaa nyuma na faili lake mapajani. Nikaandika ubaoni arobaini na saba gawa kwa nne, nikamwita Chisha, binti wa muuza nyanya anayekaa jirani na mke wangu pale sokoni. Huyo ndiye mkali wangu, sikutaka kubahatisha. Akashuka ngazi vizuri kabisa: kumi na moja juu, tatu chini. Nikauliza kwa madaha ile tatu tunaiitaje, darasa zima likajibu mbasela. Nikamwangalia mkaguzi. Nilipogeuka, Chisha alikuwa amefuta kumi na moja na kuandika kumi na nne.

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikamuuliza polepole kumi na nne ameitoa wapi.

"Mbasela si ya muuzaji, Mwalimu," akasema. "Ni ya mteja. Nimempa."

Nikawauliza wengine nani amepata kumi na nne. Mikono thelathini na tisa ikapanda, na wa arobaini ulikuwa umeshika chaki. Mama Nakamba akasogea mbele, akamwambia Chisha azidishe kumi na nne mara nne. Hamsini na sita. Akamuuliza, kama mwanzo zilikuwa arobaini na saba, hizo tisa nyingine zimetoka wapi. Chisha akafikiri sana. Mtoto ana adabu, hakutaka kunitia aibu.

"Labda Mwalimu ametoa zake," akasema.

Mama Nakamba alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kujifuta macho akasema watoto hawa wanajua kila hatua, kosa ni la mtu mmoja tu humu ndani. Jumatatu darasa liende kwa Namfukwe. Akamwambia Bwana Chitundu kabichi zisubiri kwanza, mimi nikae nyuma ya darasa muhula mmoja nisikilize, nikishindwa hata hapo ndipo nipewe jembe. Nyumbani mke wangu hakunihurumia hata kidogo.

"Baba Kasuba, mbasela mimi naitoa kwenye gunia langu," akasema. "Hizo tisa wewe ulikuwa na gunia gani?"

Jumatatu nikakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamekaribia masikio. Namfukwe ni wa kumzaa kabisa. Alikuja na vijiti amevifunga mafungu ya kumi kumi. Akatoa mafungu matano na vijiti viwili, hamsini na mbili, akaita watoto wanne wagawane. Kila mmoja akapata fungu, likabaki moja. Namfukwe akalifungua lile fungu, akachanganya vijiti vyake na vile viwili, vikawa kumi na viwili, kila mtoto akaongezwa vitatu. Kumbe ndiko kushusha! Fungu lisilogawika unalifungua, linaungana na wale wadogo wake. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Sauti ilinitoka kwa nguvu, darasa zima likageuka, nikasingizia kikohozi.

Na baki, akawafundisha, ni baki. Unaiandika pembeni, huiongezi popote, huigusi. Watoto wakashika haraka kuliko nilivyotaka.

Wiki ya tatu akamwambia Chisha agawe darasa makundi matano yaliyo sawa, ahesabu kila aliyekaa kwenye dawati. Chisha akaanza mbele, akihesabu kwa kugusa vichwa. Kichwa cha mwisho kilikuwa changu, cha arobaini na moja. Akagawa. Madawati yakaburutwa, vumbi likatimka, wanane hapa, wanane pale, mpaka makundi matano yakakamilika na kelele zikatulia. Mimi niko palepale nyuma, peke yangu.

"Baki ngapi?" Namfukwe akauliza, hajageuka bado kutoka ubaoni.

"Moja," wakajibu wote, na wote walikuwa wananitazama.

Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Miaka mitatu nimelilia jibu sahihi kutoka kwa darasa lile, na siku walipolipata, jibu lenyewe ni mimi. Iliniuma, sitaficha. Nikawaza kwamba Bwana Chitundu alikuwa na haki, kabichi hazihesabu mtu. Namfukwe akageuka, akaona, akaanza kutafuta chaki iliyokuwa mkononi mwake.

Chisha akasimama.

"Ubaoni tunaandika baki moja," akasema. "Lakini mbasela haiachwi mezani. Mwalimu, njoo kwetu."

Hapo makundi mengine yakaanza kugomba, kwa nini iwe kwao na si kwetu? Msinidanganye, najua walichokuwa wanagombea: wanajua mfuko wangu wa koti haukosi karanga. Hata hivyo nilinyanyuka upesi, nikagonga goti kwenye dawati, nikaenda kwa Chisha nikichechemea. Wakanibanisha katikati, wakanisukumia daftari na penseli fupi, na hesabu moja: themanini na sita gawa kwa saba.

Nikagawa, nikazidisha, nikatoa. Nikashusha, safari hii nikijua ninachoshusha. Kumi na mbili, baki mbili, na ile mbili nikaiacha pembeni peke yake bila kuigusa. Chisha akalivuta daftari, akalipitia mstari kwa mstari, hakutazama ngazi tu kama mimi. Kisha akanitia vema.